Tupeane uzoefu: viraka vya Windows vilivyotutesa kazini

Mhasibu wa Mwanza
Ndugu zangu, salaam. Jana jioni nilipokuwa nafunga hesabu za duka letu la dawa za jumla, kompyuta ya kaunta iliandika kwamba inaweka masasisho na kwamba nisiizime. Nilikaa nayo dakika arobaini, mlinzi ameshashusha geti nusu, na muda wote huo nilikuwa naikumbuka Machi 2021, ambapo baada ya viraka (masasisho ya kurekebisha kasoro za Windows) vya mwezi ule kila tulipochapa ankara skrini iligeuka buluu na kompyuta ikajiwasha upya. Wateja wa mikoani walikuwa na mizigo juu ya gari bila karatasi, nasi tukaandika ankara kwa mkono siku mbili nzima hadi fundi alipokiondoa kile kiraka. Naomba tupeane uzoefu. Katika ofisi yako, ni nani mwenye jukumu la viraka vya mfumo endeshi, mnaviweka lini, na vilishawahi kuwatenda nini?

Fundi Njiro
Ile ya printa ilitupata na sisi. Ilizikumba baadhi ya aina za printa tu, kwa hiyo ofisi ya jirani walituona waongo.

Mwenye Maduka
Mimi nilizizima apdeti zote mwaka 2019 katika kompyuta sita za ofisi yangu, na tangu hapo sijawahi kukosa kufungua mauzo asubuhi hata siku moja. Bando ninalolinunua ni la kufanyia biashara, na siwezi kukubali liliwe usiku na jambo ambalo sikuliomba. Nawashauri mfanye hivyo hivyo.

Wakala wa Kilindini
Ndugu yangu Mwenye Maduka, nakusihi usiwashauri watu hivyo, kwa kuwa maneno yako ndiyo tuliyokuwa tukiyasema sisi katika ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Tulizizima apdeti kwa sababu ile ile ya bando. Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017 tuliiacha kompyuta moja ikiwaka, imechomekwa kwenye modemu moja kwa moja, na Jumamosi asubuhi nilipofungua mlango nilikuta dirisha jekundu lenye saa inayohesabu kurudi nyuma, likidai dola 300 za bitcoin na kutuonya kwamba baada ya siku tatu deni litakuwa maradufu. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimewasha nyingine tatu ili nione kama zimepona, na zote zilikuwa na dirisha lile lile. Mafaili ya mizigo ya miaka minne yalifungwa mbele ya macho yangu. Kilichoniuma hadi leo ni kwamba Microsoft walikuwa wamekitoa kiraka cha kuziba tundu lililompitisha mdudu huyo, WannaCry, tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Tungekuwa tumekiweka, mdudu yule asingepata njia ya kuruka kutoka kompyuta moja kwenda nyingine.

Mwenye Maduka
Pole sana, mkuu. Hata hivyo hujanijibu. Mwezi mmoja na nusu baadaye, tarehe 27 Juni 2017, kirusi kiitwacho NotPetya kiliingia katika makampuni ya Ukraina kupitia sasisho la programu ya uhasibu iliyokuwa ikitumika sana kule. Waliosasisha ndio walioupokea ugonjwa. Mnasemaje hapo?

Fundi Njiro
Tunasema kwamba unachanganya vitu viwili. Lile lilikuwa sasisho la programu ya uhasibu, ambayo seva za waliotengeneza zilikuwa zimeingiliwa, wala halikuwa kiraka cha mfumo endeshi. Lilipokwisha kuingia, lilisambaa kwa tundu lile lile la mwezi Machi pamoja na kuiba nywila zilizokuwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Nakubali kwamba hata kompyuta zilizokuwa na kiraka ziliangushwa kwa njia ya nywila. Lakini kufunga mlango mmoja kati ya miwili ni bora kuliko kuiacha yote wazi, na wewe umeiacha wazi kwa miaka.

Mwenye Maduka
Nyinyi mafundi mnalipwa kila zinapoharibika.

Fundi Njiro
Nalipwa kwa mwezi, ziharibike au zisiharibike. Tuheshimiane.

Mama Vocha
Naomba niwakatize, kwa sababu nimesoma hayo ya viraka na ya kompyuta kujiwasha upya, na moyo wangu umeruka. Mimi ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo. Ilikuwa Januari, wiki ile ambayo wazazi wanakuja kuchukua mikopo ya ada kabla shule hazijafunguliwa vizuri. Seva yetu ni moja tu, ipo kwenye chumba kidogo nyuma ya masijala. Alhamisi jioni iliniambia kwamba kuna viraka vinavyosubiri iwashwe upya, na mimi, nikiamini kwamba natenda wema ili asubuhi ifanye kazi haraka, nikabonyeza. Ilipofika asilimia thelathini na kitu umeme ukakatika. Betri za UPS, kile kifaa cha kushika umeme unapokatika, zilikuwa zimekufa tangu mwaka uliotangulia na maombi ya kununua nyingine yalikuwa mezani kwa kamati. Chumba kilikuwa kimya kabisa, nami nimesimama gizani na simu mkononi.

Umeme uliporudi seva iliandika kwamba inatengua mabadiliko, ikajiwasha upya, ikaandika tena hivyo hivyo, ikajiwasha upya, hadi saa sita za usiku. Saa moja asubuhi foleni ya wanachama ilikuwa imeshafika barabarani. Mwenyekiti akaleta kijana anayejua kompyuta, kijana mwenye adabu na nia njema. Akaniuliza, "Mama, bakapu ipo?" Nikamjibu ipo, kwa sababu kila jioni mfumo wetu ulikuwa ukiandika nakala, na mimi mwenyewe nilikuwa nikiiona ikikamilika. Basi akafuta diski yote akaweka Windows upya. Alipomaliza akaniomba hiyo bakapu, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba nakala zote zilikuwa zikiandikwa kwenye D, na hiyo D ilikuwa kipande cha diski ile ile aliyoifuta. Sikuweza kusema neno. Niliketi chini kwenye sakafu ya masijala, na wanachama wawili wa dirisha la mbele waliniona.

Kijana wa Duka
Jamani, mama yangu. Pole sana.

Mhasibu wa Mwanza
Pole, dada. Mliokoa nini? Na zile ada?

Mama Vocha
Nilikuwa na flashi nyumbani yenye nakala ya tarehe 23 Desemba, niliyoichukua kwa sababu ya kufunga mwaka. Mikopo ya ada tuliitoa kwa daftari, mwenyekiti na mweka hazina wakisaini kila mmoja, na hakuna mtoto aliyekosa shule kwa ajili yangu. Kisha tukaingiza upya vocha mia nane na zaidi, mimi na karani mmoja, kwa wiki tatu.

Fundi Njiro
Dada, wengine wajifunze hapa: seva ikizunguka namna hiyo, diski yake huwa bado ina data zako zote. Jambo la kwanza ni kuichomoa na kuinakili kwenye diski nyingine kabla ya mtu yeyote kugusa kitu. Jambo la pili ni kuiwasha kwa flashi ya usakinishaji, kuingia sehemu ya ukarabati na kukiondoa kiraka kilichokwama. Kufuta ni hatua ya mwisho kabisa.

Mwenye Maduka
Mnaona sasa? Asingebonyeza, yasingempata.

Wakala wa Kilindini
Umeme ungekatika hata kama angekuwa anaandika barua. Kilichomwangusha ni betri na ile D, na wewe unajua hivyo.

Mswahili wa Sharjah
Huku nilipo tulionja ya kwetu tarehe 19 Julai 2024, apdeti ya Microsoft ilipoangusha kompyuta milioni 8.5 duniani. Nilizunguka na karatasi ya funguo za BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga diski, tarakimu 48 kwa kila kompyuta, nikiandika moja moja hadi alfajiri.

Fundi Njiro
Pole, ndugu, ila tuweke sawa kumbukumbu: faili lile lilitoka CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi, wala si kiraka cha Microsoft. Ndiyo maana hata waliokuwa wamesimamisha viraka vya Windows kwa wiki mbili liliwakuta.

Mswahili wa Sharjah
Nimekubali. Basi ushauri wangu ni mmoja: funguo zile zichapwe kwenye karatasi na ziwe nje ya kompyuta.

Kijana wa Duka
Subirini wiki moja baada ya viraka kutoka, wengine wajaribu kwanza.

Wakala wa Kilindini
Sisi tunaweka usiku ule ule. Hutoka Jumanne ya pili ya mwezi, saa mbili au saa tatu usiku kwa saa zetu, na Jumatano asubuhi ofisi yote inavyo.

Fundi Njiro
Kwa kompyuta za mezani sawa, lakini kwa seva hapana. Januari 2022 viraka vya mwezi vilizifanya seva zinazosimamia watumiaji wa mtandao kujiwasha upya mfululizo, na walioweka usiku ule ule ndio walioumia. Mimi huweka kwenye kompyuta moja ya majaribio, nasubiri siku nne, kisha seva Jumamosi, kamwe si mwisho wa mwezi.

Mwenye Maduka
Mama Vocha, swali moja la heshima. Baada ya yote hayo, bado unaweka?

Mama Vocha
Naweka, ndugu yangu. Jumamosi ya tatu ya mwezi, mchana, baada ya kuzima umeme wa ukutani kwa dakika tano ili nione kama UPS inashika. Kabla ya hapo nachukua nakala kwenye diski ya nje na kuifungua kwenye kompyuta nyingine, nasoma salio la mwanachama mmoja na kulilinganisha na kadi yake.

Mhasibu wa Mwanza
Na hesabu zile za Januari zilikubali, dada?

Mama Vocha
Zilibaki na pengo la shilingi 41,500 hadi mwezi Machi. Tuliikuta vocha yake imebanwa na pini nyuma ya nyingine.