Gumzo la Kikundi cha Pikipiki Mtaani: Hamisi anataka kupanda daraja

Hamisi: Habari za jioni jamani. Shikamoo Baba Salma, shikamoo shangazi Zuhura. Naomba ushauri. Pikipiki yangu ya Kawasaki Ninja 400 naona imeniishia, nataka niruke moja kwa moja hadi Yamaha R1 ya cc 1000. Mnasemaje?

Baba Salma: Marahaba. Imekuishia wapi? Kwenye kona, kwenye breki au kwenye mwendo?

Hamisi: Mwendo. Nikishaingiza gia ya tano nafungua mafuta yote na haina jipya.

Shangazi Zuhura: Marahaba mwanangu. Kona na breki hukuvitaja kabisa 😏

Baba Salma: Sikiliza hesabu. Ninja 400 ina nguvu farasi 45 kwa uzito wa kilo 168. R1 ina 200 kwa kilo 201. Mpandishe mtu wa kilo 75 juu ya kila moja, kisha gawanya. Kwa kila kilo, R1 ina nguvu karibu mara nne. Gia ya kwanza peke yake inapita kilomita 130 kwa saa. Kufungua mafuta yote kwenye gia ya tano kama ulivyozoea, barabara ya kufanyia hivyo hakuna.

Hamisi: Lakini si nitaifungua kidogo kidogo? Mkono ni wangu.

Rehema: Kaka Hamisi, tatizo liko kwenye hicho kidogo kidogo. Ukipita kwenye tuta dogo katikati ya kona, mwili unaruka na kifundo cha mkono kinaruka nao. Kwenye 400 kipini cha mafuta kikisogea milimita chache injini inanguruma tu. Kwenye cc 1000 milimita hizo hizo zinaweza kuvunja mshiko wa tairi la nyuma au kuliinua la mbele. Halafu mtu akishtuka hujivuta nyuma, na akijivuta nyuma mkono wa kulia unazidi kufungua. Ajali za wageni wa pikipiki hizi huweza kuanzia hapo.

Hamisi: Si zina kompyuta ya kuzuia hayo?

Rehema: Mpya zinayo. R1 tangu 2015 ina kihisi cha mihimili 6 kinachojua pikipiki imelala kiasi gani, nacho kinapunguza nguvu tairi likianza kuteleza. Ila kompyuta haiongezi mshiko. Tairi likiwa baridi, au ukiingia kona kwa mwendo usiowezekana, inachofanya ni kuchelewesha kuanguka. Ukinunua ya 2008 hata hicho huna, ni wewe na kifundo chako.

Hamisi: Haya basi, nishuke kwenye Yamaha R6. Ni cc 600 tu.

Fundi Mwinyi: Hahaha, hiyo "tu" iondoe 😂

Fundi Mwinyi: R6 ni injini ya mashindano iliyowekewa taa. Silinda nne, nguvu farasi kama 118, na nguvu hiyo inaikuta kwenye mizunguko 14,500 kwa dakika. Nm zake, yaani nguvu ya kuzungusha, ni 61.7 tu, tena kwenye 10,500. Chini ya 8,000 utaiona imepoa, hata utajiuliza ndiyo hii niliyosifiwa? Ukiendelea kufungua, ghafla inaamka yote kwa mpigo. Sasa chukua R7, ya Yamaha pia: silinda mbili, cc 689, nguvu farasi 73, Nm 67 kwenye 6,500. Karatasini inaonekana dhaifu. Barabarani inasukuma pale ambapo mtu wa kawaida anaendesha, na inasukuma kwa ulaini unaoweza kuusoma.

Baba Salma: Naunga mkono. Kwa aliyetoka kwenye 400, R7 au Aprilia RS 660 ndiyo hatua yenye akili. Nguvu farasi 73 hadi 100, breki za kweli, na bado kuna nafasi ya kukosea kidogo. Honda CBR650R nayo inafaa: silinda nne za 95 zilizopangwa kwa upole, ila ina uzito wa kilo 208.

Hamisi: Watu watasema nimeogopa.

Shangazi Zuhura: Hao watu ndio watakaokulipia plastiki za ubavuni ukiangusha?

Hamisi: 😅 Sawa shangazi. Turudi kwenye breki, maana mmenisema.

Rehema: Ninja 400 ina diski moja mbele, milimita 310, na kalipa (kibano cha breki) ya pistoni mbili. R1 na R6 zina diski mbili za 320 na kalipa za pistoni nne kila upande. Kwenye 400 umezoea kukamata kwa vidole vinne na kuvuta kwa nguvu. Huku ukivuta hivyo, tairi la mbele linabanwa kabla uzito haujahamia mbele. Kama hakuna ABS, mfumo wa kuzuia tairi lisifunge, linafunga, na likifunga uko chini. Kama ipo, utapigwa na mtetemo na njia ya kusimama inarefuka.

Tumia vidole viwili, na uvute kwa hatua. Kwanza ondoa ulegevu wa wenzo wa breki hadi pedi ziguse diski. Subiri kidogo foku za mbele, ile miguu yenye springi inayoshika gurudumu, zizame. Hapo tairi limeshabonyezwa kwenye lami, sasa ongeza. Ukihisi nyuma inakuwa nyepesi na kuyumba, legeza kidogo, usiachie ghafla. Kuachia ghafla kunarusha mbele juu, na ukiwa ndani ya kona pikipiki inatanuka nje ya njia yako.

Hamisi: Nifanye wapi mazoezi hayo?

Rehema: Uwanja mpana, lami kavu isiyo na mchanga. Anza na kilomita 40 kwa saa, uje 60, uje 80. Usipande hatua kabla ya kusimama vizuri mara kumi mfululizo bila macho kushuka kwenye tairi la mbele. Na kumbuka mwendo ukiwa mara mbili, njia ya kusimama ni mara nne. Kwenye kilomita 200 kwa saa unapita mita 55 kila sekunde, kabla hata hujagusa wenzo.

Baba Salma: Ongeza na kugeuza taratibu. Pikipiki hizi usukani wake haukunji sana, na mishikio iko chini karibu na tangi. Ukigeuza hadi mwisho kidole gumba kinabanwa kati ya mshikio na tangi, unaachia klachi bila kutaka, injini inazima au inaruka. Zipo zinazoangushwa kwenye maegesho, si barabarani. Klachi nusu, breki ya nyuma kidogo, kichwa kitazame unakoelekea.

Shangazi Zuhura: Na urefu wa kiti. Ninja ni milimita 785, R7 ni 835, R1 ni 855. Mtu mfupi anayezoea kukanyaga kwa miguu yote anashtuka.

Hamisi: Mimi mrefu, hapo nipo salama. Wasiwasi wangu ni mikono, rafiki yangu analalamika viganja vinakufa ganzi.

Shangazi Zuhura: Anaulalia usukani huyo. Uzito ubebwe na mapaja na tumbo. Bana tangi kwa magoti, viwiko vipinde kidogo, mikono iwe imelegea kiasi cha kuweza kupepesa viwiko kama mabawa. Weka vibandiko vya mpira ubavuni mwa tangi, vinasaidia magoti kushika. Faida nyingine: usukani ukianza kutikisika kwa fujo kwa sababu mbele imekuwa nyepesi juu ya tuta, mikono iliyokaza inazidisha fujo. Mikono laini inaiacha itulie yenyewe.

Fundi Mwinyi: Ndiyo maana nyingine zina dampa ya usukani, kifaa cha kutuliza huo mtikisiko. Mtu akiitoa kwa kuwa inavuja mafuta, asikwambie "haina kazi".

Hamisi: Fundi, ikiwa iliyotumika niangalie nini? Kuna moja nimeona picha, inang'aa kama mpya.

Fundi Mwinyi: Kung'aa ni polishi. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, ushike injini kwa mkono uione ni baridi. Ikiwa ya moto tayari, anaficha ugumu wa kuwaka au mlio wa cheni ya ndani. Kisha uanze chini:

Vizuizi vya usukani kwenye shingo ya fremu. Vikiwa vimebonyea au vimepigwa rangi mpya, ilianguka vibaya. Tazama ncha za wenzo, ncha za vikanyagio, vifuniko vya injini pembeni.

Tafuta vitundu vidogo kwenye boliti ya kutolea oili na boliti za kalipa. Hivyo hutobolewa ili kupitisha waya wa usalama wa mashindano. Ukivikuta na mwenyewe anasema ni ya kwenda kazini tu, funga mjadala.

Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani taratibu. Ukikwama kidogo katikati, beringi za shingo zimekufa. Mara nyingi ni kazi ya kunyanyua na kudondosha tairi la mbele.

Gia ya pili: iendeshe, fungua mafuta kwa nguvu uone kama inachomoka. Ikichomoka, meno yamelika na injini lazima ipasuliwe. Si kazi ya siku moja.

Chaji: weka mita kwenye betri, injini ikiwa mizunguko 5,000. Volti 13.5 hadi 14.5 ni nzuri. Chini ya hapo chunguza regyuleta, kifaa kinachodhibiti umeme wa chaji, na waya zake, ugonjwa wa kawaida kwa pikipiki hizi.

Tairi: soma tarakimu nne ubavuni. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hata kama tairi halijaliwa, mpira uliokauka hauna mshiko.

Baba Salma: Na lililoliwa katikati likawa bapa linageuka kwa kukataa halafu linaanguka ndani ghafla. Mtu anadhani pikipiki ni mbaya kumbe ni tairi.

Hamisi: Tairi jipya nalo linateleza?

Fundi Mwinyi: Linateleza. Kilomita 150 za mwanzo nenda polepole, ulalishe kidogo kidogo hadi uso ule laini wa kiwandani uishe. Upepo kwa barabara mara nyingi ni psi 36 mbele na 42 nyuma, tairi likiwa baridi, lakini kibandiko cha kwenye swingamu, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, ndicho bosi. Pale pale pameandikwa ulegevu wa mnyororo. Usiukaze sana ukidhani ndiyo usafi. Nyuma ikibonyea mnyororo unakaza, na usipokuwa na ulegevu unavuta beringi ya shafti ya gia hadi ife.

Rehema: Oili pia fundi, wengine wanamwaga ya gari humo.

Fundi Mwinyi: Ahaa. Klachi inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini. Oili nyingi za gari zina viungo vya kupunguza msuguano, klachi inaanza kuteleza. Tafuta iliyoandikwa JASO MA au MA2, kawaida 10W-40, kisha ufuate kitabu.

Shangazi Zuhura: Mavazi msisahau. Suti ya ngozi ya kipande kimoja au jaketi na suruali vinavyofungana kwa zipu kiunoni. Kinga ya mgongo EN 1621-2 daraja la 2. Kofia yenye ECE 22.06. Buti zinazofunika kifundo, si raba.

Hamisi: Nimeandika yote. Basi ni R7. Ikifika, cha kwanza nifanye nini?

Baba Salma: Iweke hali ya mvua, ile ya nguvu laini, kama yako ina chaguo hilo, vinginevyo mkono wako ndio uwe hali ya mvua. Kisha pima kushuka kwa springi. Wengi wanaacha walivyoikuta, imepangiwa mtu asiyejulikana.

Hamisi: Inapimwaje?

Baba Salma: Watu watatu. Inua tairi la nyuma hewani, pima kutoka ekseli hadi alama juu yake. Kisha kaa juu ukiwa na mavazi yote, miguu kwenye vikanyagio, mmoja akushikilie, mwingine apime tena. Tofauti iwe milimita 30 hadi 35. Ikizidi, kaza springi. Isipofika, legeza. Mbele vivyo hivyo.

Hamisi: Na vile visukurubu vya foku vyenye mlio wa klik klik?

Fundi Mwinyi: Kwanza funga hadi mwisho bila kukaza, ukihesabu milio, uandike. Rudisha kwa idadi ileile. Ukibadilisha, badilisha kimoja tu, milio miwili, kisha upite njia ile ile. Foku ikibonyea na kurudi juu kwa kudunda, rudisho (kizuizi cha foku kurudi juu haraka) ni dogo, ongeza. Ikibaki chini baada ya matuta mfululizo, ni kubwa, punguza.

Shangazi Zuhura: Siku ya kupima nyuma niite, nikushikilie pikipiki. Tepu njoo nayo, ya kwangu imekatika sentimita za mwanzo.