Kikundi cha Familia: Chakula cha Imani

Shangazi Rehema: Ndugu zangu, nimeshauliza tangu asubuhi na wengi wenu mmesoma mkanyamaza. Ninapendekeza kwamba kuanzia Jumatatu Imani asipewe maziwa wala ngano, nasi tuchangie vitamini B6, magnesi na mafuta ya samaki, kwani nimesikia kuna watoto wenye usonji waliotulia kwa njia hiyo.

Mjomba Salim: Mkate ukiondoka katika nyumba ile, wa kwanza kuhama nitakuwa mimi.

Shangazi Rehema: Salim, hili si jambo la mzaha. Wengine mbona kimya?

Neema: Shikamoo Shangazi. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, uliotolewa mwaka 2013, unaelekeza kwamba lishe isiyo na gluteni (protini ya ngano) au kaseini (protini ya maziwa) isitumiwe kutibu dalili za msingi za usonji kwa watoto. Vitamini B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva, na mtoto kama Imani, ambaye tayari anakubali vyakula vichache mno, akinyimwa maziwa bila kupewa mbadala anaweza kukosa kalisiamu ya kutosha kwa mifupa yake. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kufunga choo, tatizo la kawaida kwa watoto wenye usonji, kwa sababu asiyeweza kusema kwamba tumbo linamuuma huenda akajipiga au akakosa usingizi, nasi tukadhani kwamba usonji wenyewe umezidi.

Mama Imani: Samahani, ndiyo kwanza ninashika simu. Ninakubaliana na Neema. Tena sijayasahau yale matone mliyompa nilipokuwa kazini.

Shangazi Rehema: Yale tuliyamaliza.

Mama Imani: Mliyamaliza ninyi, Shangazi. Mimi sikuulizwa.

Bibi: Rehema, mwanangu, mtoto haondolewi chakula wala haongezewi dawa kabla mama yake hajaridhia. Kwanza apelekwe kwa daktari, tumbo lake litazamwe na damu yake ipimwe.

Shangazi Rehema: Nimesikia, Mama. Mchango usimame kwanza. Nitaomba miadi ya Alhamisi, na mtaalamu wa lishe awepo pia. Nani atamsindikiza? Na mafuta ya samaki niliyokwisha kununua tuyafanyeje?

Neema: Nenda nayo, daktari asome kilichomo na kipimo chake.

Mjomba Salim: Gari lipo, lakini Alhamisi sijaipata ruhusa.

Shangazi Rehema: Mama Imani, Alhamisi inakufaa? Ninaona umesoma.