Camry haibridi: mbona foleni inabana mafuta ila safari ndefu inakula?

Dereva_78: Wakuu habari zenu. Nina Toyota Camry haibridi (ina injini ya petroli na mota ya umeme) ya 2018, injini lita 2.5. Kwenye foleni raha tupu, injini inajizima naenda na umeme, ila nikitoka barabara kuu nikaikalisha 130 ulaji unapanda mpaka nawaza betri imechoka. Nimezoea gari mjini ndo linakunywa, safari linabana. Hii imegeuka, ni ugonjwa?

Mzee wa Gia: Haina ugonjwa mkuu. Betri hiyo huichomeki ukutani, umeme wote umetoka kwenye mafuta yako. Ila mjini ukikanyaga breki mota inageuka jenereta na kurudisha umeme ambao gari la kawaida linaumaliza kuwa joto kwenye pedi. Safari ndefu hupigi breki, kwahiyo hakuna cha kurudisha, halafu kuna upepo: spidi ikiwa mara mbili upepo unakuzuia mara nne. Shuka mpaka 100 uone.

fundi_umeme: Nyongeza, watu wanaisifia betri wanaisahau injini. Hiyo ni ya mtindo wa Atkinson, vavu ya kuingiza hewa inachelewa kufunga, pistoni ikipanda inarudisha hewa kidogo nje, kwahiyo moto ukiwaka unaisukuma njia ndefu kuliko iliyotumika kubana na nguvu inayopotea kwenye ekzosi inapungua. Toyota wanasema asilimia 41 ya joto la mafuta inageuka kazi, kwa injini ya petroli hiyo ni kubwa sana. Hasara yake inakuwa nzito kuondoka, hapo ndo mota inaibeba. Ndo maana naumia nikiona mtu anakanyaga kwa kunyata ili tu injini isiwake. Iache iwake, fika spidi yako, ukiona taa nyekundu mbele achia mguu mapema gari lijichaji.

mama_safari: Na hiyo betri ipo chini ya siti ya nyuma, pembeni hapo kuna matundu ya hewa ya kuipoza. Ya kwangu feni ilikuwa inavuma kila jua likiwaka, kufungua chujio nakuta vumbi na nywele zimeshikana kama kipande cha blanketi. Nilivyosafisha kelele ikaisha. Betri ikipata joto sana gari linapunguza kuitumia.

Dereva_78: Aisee feni navyoisikia ni hivyohivyo, na watoto majaketi yao wanayasukumia palepale. Naenda kufungua sasa hivi, asanteni sana.