Crown Athlete cc 3,000 miezi minne haijapata mteja: yadi, dalali, kubadilishana au nikomae mwenyewe?

Mtoro wa Kigogo (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina Toyota Crown Athlete ya mwaka 2004, V6 ya cc 3,000, usajili wa namba D, kadi ya gari ina jina langu. Nilianza kuiuza kwa milioni 17.5, nikashuka 16, sasa nasema 15 na maongezi yapo. Nimebandika karatasi kioo cha nyuma, nimetupia picha kwenye makundi yote ya WhatsApp, hata la wazazi wa darasa la pili. Simu zinazoingia ni za aina tatu. Kuna wa "mwisho bei gani?" halafu kimya. Kuna wa "unabadilishana?" Na kuna dalali anayejifanya mteja.

Waliofika kuiona kwa macho ni wanne tu. Watatu waliuliza lita moja inakwenda kilomita ngapi kabla sijafungua mlango. Wa nne aliipenda, akakaa ndani dakika ishirini anachezea kiti cha umeme mbele, nyuma, juu, chini, akasema anakwenda kumchukua mke wake aje aione. Nadhani huko nyumbani mke alimuuliza lile swali la wale watatu.

Sasa mezani nina haya. Yadi moja ya kuuza magari Kinondoni inanipa milioni 12 leo leo, au niiache pale waiuze kwa niaba yangu wakate chao. Dalali anasema ana mtu wa 13, cha juu chake anakijua mwenyewe. Kijana mmoja ana Toyota IST, gari dogo, namba C, anataka tubadilishane aniongezee milioni 3. La mwisho ni kukomaa na bei yangu. Wenye uzoefu mnasemaje?

Mzee wa Gerezani

Mkuu, kukomaa nako kuna gharama. Umeshuka milioni 2.5 ndani ya miezi minne, yaani zaidi ya laki 6 kila mwezi, na hujauza. Bima inatembea, betri inachoka, tairi zimekaa upande mmoja.

Halafu jiweke kwenye viatu vya mteja wa hapa Dar. Chukua mtu wa kilomita 800 kwa mwezi, foleni asubuhi na jioni. Crown yako mjini haizidi kilomita 6 kwa lita, hapo ni lita 133. IST ikimpa 12, ni lita 67. Tofauti ni lita 66, na petroli ikiwa 3,000 ni karibu laki 2 kila mwezi. Hiyo ni kodi ya chumba. Tangu mwaka 2022 bei ilipovuka 3,000, watu wanaijua hesabu hii kwa kichwa. EWURA, wale wadhibiti wa nishati, wakitangaza bei Jumatano ya kwanza ya mwezi, sisi wauza spea tunajua wiki hiyo ni cc ndogo tu zitaulizwa.

Binti Kibaha

Kuhusu yadi, ngoja nikupe yangu. Niliacha Harrier yangu ya V6 kwenye yadi moja, jina naliacha. Makubaliano: wauze, wachukue laki 7. Mwezi wa kwanza "wateja wapo dada", mwezi wa pili "soko gumu dada". Siku moja naenda harusini Sinza, naona msafara wa maharusi umeegeshwa, gari la pili kutoka mbele nalijua. Riboni nyeupe kwenye boneti, maua ya plastiki mlangoni, namba za kwangu! Nikamuuliza dereva, akasema wamelikodi "kwa bosi".

Nilikwenda kulichukua Jumatatu. Kilomita 900 zimeongezeka, tenki linawasha taa, na alama za gundi kwenye rangi hazikutoka mpaka siku nililipouza. Ukiacha gari yadi, piga picha ya dashibodi inayoonyesha kilomita, andikianeni, na funguo ya pili kaa nayo. Kadi halisi usiiache hata kwa dawa, wape kopi.

Mtoro wa Kigogo

Dah, pole dada. Basi yadi ya kuachia nimeifuta. Naegemea IST ya kijana.

Kibosho Juu

Chukua IST haraka. IST namba C ni sawa na pesa taslimu. Ukiitangaza Ijumaa kwa milioni 9.5, Jumapili umeshauza. Jumlisha 3 za juu, una 12.5, umempita mwenye yadi na hujalaza gari kwa mtu. Watu wanadharau kubadilishana wakati ndiyo njia ya kugeuza gari gumu kuwa gari jepesi.

Mvuja Jasho

Au ichinje. Injini, gia boksi, taa za mbele, milango, viti. Ukipeleka kipande kipande Shauri Moyo unaweza kupita hata hiyo 15.

Mzee wa Gerezani

@Mvuja Jasho, usimpotoshe mwenzio. Nauza vipande kila siku. Injini na gia boksi vitatoka mapema, taa zitafuata, halafu utabaki na gamba uani miaka miwili, kuku wanatagia ndani. Huchinji gari linalowaka vizuri na kadi yake safi.

Mwana Mvita

Salaam kutoka Mombasa. Kabla hajaja mtu wa kusema "iuze Kenya", huku gari la mtumba lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa. La 2004 liondoe akilini.

Fundi wa Tabata

Nimesoma nimecheka. Hakuna aliyemwambia mleta uzi kwa nini mteja akija na fundi wake hamrudii tena. Hiyo injini ni 3GR-FSE, ni D4, petroli inapulizwa ndani ya silinda kwa presha kubwa. Fundi wa mtaani akisikia D4 anamvuta bosi wake pembeni: "Achana nayo." Hapo biashara imekufa, na wewe unadhani tatizo ni bei.

Fanya hivi. Peleka gari likapimwe kwa mashine na uchapishiwe karatasi yenye tarehe. Injini hizi zikichoka huanza kula oili, kwa hiyo pima kijiti leo, piga picha, pima tena baada ya kilomita 1,000. Mteja akija, mwachie fundi wake afungue kifuniko cha oili mwenyewe, aweke mkono kwenye ekzosi, asome tarehe za tairi. Zile namba nne, mfano 2221, ni wiki ya 22 ya mwaka 2021, na wanaojua wataangalia hapo kwanza. Na tafadhali usioshe injini ikang'aa kama sufuria ya mgeni. Fundi akiona hivyo anajua umefuta mavujo ya oili.

Ukikuta hitilafu ya laki moja au mbili, tengeneza. Ya milioni, iseme na upunguze bei.

Mama Salha

Mimi naona mnabishana njia ya kuuza wakati kosa liko kwenye mteja mnayemwita. Wanangu, gari hili si la mtu wa foleni ya Ubungo, na tangazo lake limetupwa kwa watu wa foleni ya Ubungo. Mume wangu aliuza Mark X ya 3,000 kwa mtu wa Makambako. Mtu anayelala Iringa leo na Mbeya kesho haulizi IST. Anauliza gari litatulia barabarani? Kiti kitamuumiza mgongo?

Jaza tenki, nenda Morogoro, urudi na namba. Si "inatumia mafuta vizuri", namba. Halafu peleka tangazo Dodoma, Iringa, Singida. Na huyo anayekuambia "15 nyingi, nitaagiza Japani", mwonyeshe kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato. Injini ya kupita cc 2,000 ushuru wa bidhaa ni asilimia 10, gari likipita miaka 10 inaongezeka 30 ya uchakavu, bado ushuru wa forodha 25 na VAT 18. Akimaliza kukokotoa atarudi mezani.

Kibosho Juu

Mama Salha umetisha. Ila mkuu, IST chukua.

Mtoro wa Kigogo

Wakuu, mrejesho baada ya wiki tano.

IST iliota mbawa. Nilimwambia kijana tukutane na kadi, akaja na kopi. Namuuliza halisi iko wapi, anaangalia chini. Iko kwa mkopeshaji, na zile milioni 3 za kuniongezea alikuwa azikope huko huko kwa kutumia kadi ya Crown yangu! Nikamnunulia soda tukaagana.

Nikafanya alivyosema Mama Salha. Nilijaza Mbezi mpaka pampu ikakata yenyewe, nikaenda mwendo wa 80 hadi 100, kiyoyozi kimewashwa, nikajaza tena Msamvu, Morogoro, kwa mtindo ule ule. Kilomita 170, lita 16.4. Zaidi kidogo ya 10 kwa lita. Risiti mbili nikazipiga picha pamoja na dashibodi, nikaziweka ndizo picha za kwanza za tangazo, rangi na rimu zikafuata. Karatasi ya mashine ilionyesha koili moja mbovu, nikaibadilisha.

Akapiga mzee wa Dodoma, ananunua alizeti Singida na Manyoni. Hakuuliza mwisho bei gani. Aliuliza kama siti ya nyuma inaingia magunia mawili ya sampuli. Alikuja na fundi wake, wakamaliza saa nzima, kijiti cha oili walikichomoa mara tatu. Akaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki, ikatoka faini ya 30,000 niliyokuwa siijui, na kwenye mfumo wa maegesho likatoka deni. Nikalipa pale pale kwa simu. Tukafunga milioni 13.7.

Kwa usalama: mkataba tulisaini kwa wakili, pesa aliihamisha tukiwa ndani ya benki, na kadi nilimkabidhi baada ya karani kuniambia imeingia. Meseji ya simu sikuitegemea. Kesho yake tukaenda TRA kubadili jina, maana sitaki faini za Manyoni zije Kigogo.

Yule mtu wa kiti cha umeme amenipigia juzi. Mke amekubali.

Binti Kibaha

Hahaha, mwambie Crown inakula alizeti sasa hivi.

Fundi wa Tabata

Hongera mkuu. Hela ya ushauri niachie ya supu tu.

Dogo Janja wa Mbagala

Mkuu gari bado ipo? Mwisho bei gani?