Kwaya ikienda ng'ambo, iimbe nyimbo zipi?

Muulizaji: Wapendwa, kwaya yetu ya usharika inajiandaa kwa ziara ya uimbaji nchini Ujerumani. Je, tuimbe nyimbo za wenyeji au zetu?

Mchangiaji wa kwanza: Bwana asifiwe. Watazameni Fisk Jubilee Singers, kwaya ya Chuo cha Fisk cha Nashville, Marekani, wengi wao waliozaliwa utumwani, ambao mwaka 1871 walianza ziara wakiimba zaidi nyimbo zilizozoeleka kwa Wazungu, lakini walipotanguliza nyimbo za kiroho za wazazi wao ndipo watu walipoguswa kweli. Mwaka 1873 walimwimbia Malkia Victoria, na fedha walizochangisha zikajenga Jubilee Hall ya chuo chao. Imbeni zenu.

Mchangiaji wa pili: Naunga mkono, ndugu. Hata hivyo, safari zile ziliwachosha mno waimbaji, wengine wakaugua, kwa hiyo tengeni siku za kupumzika.