Siku sita Naivasha kila mwezi: huyu anaishi Arusha au anapita?

Wakuu, naleta hoja. Atakayenipinga anipinge kwa hoja.

Jirani yangu hapa Sakina ni Mkamba wa Machakos. Yuko Arusha tangu 2008, kaoa Mmeru wa hapa Arusha, watoto watatu. Ni fundi wa pampu kwenye mashamba ya maua Usa River, na kila mwezi bosi humtuma Naivasha, Kenya, siku sita. Juzi kanionyesha pasipoti. Ni ya pili, ya kwanza ilijaa, na hii nayo mihuri ya mpakani Namanga imepandana hadi tarehe nyingine hazisomeki.

Sasa anataka uraia wa tajnisi, yaani ule wa kuomba, si wa kuzaliwa. Sheria ya Uraia ya 1995 inamtaka mwombaji awe ameishi nchini miezi 12 yote kabla ya kuomba, na ndani ya miaka 10 kabla ya hiyo 12 awe ameishi jumla ya miaka isiyopungua saba. Saba anayo na chenji inabaki. Kigingi ni hiyo 12. Mtu wa dirishani (ofisi siitaji) alifunua kurasa tatu akamwambia, "Wewe hukai, wewe unapita."

Sheria imesema kuishi. Mtu ambaye mke, kitanda na ankara ya maji viko Sakina, anaishi wapi kama si Sakina? Waingereza wameumaliza ubishi huu kwa namba: katika miaka mitano usiwe nje zaidi ya siku 450, na mwaka wa mwisho zisizidi 90. Jirani yangu ana 72 kwa mwaka. London angepita, hapa anaambiwa mpita njia! Na sisi tuandike namba, mtu ahesabu mihuri yake sebuleni kabla hajalipa ada.

Mzee wa Soweto, Moshi: Nakupinga, mwanangu. Andika hizo 90 uone. Kesho mtu atapanga chumba Njiro, aweke godoro tu, akae zake Dubai akihesabu siku kwa simu. Bora afisa aulize majirani. Halafu huyo fundi yuko tayari kuukana uraia wa Kenya? Kwao Katiba ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, kwetu mtu mzima haruhusiwi.

Mleta hoja: Shikamoo mzee. Yuko tayari. Na hao majirani ndio sisi, mbona hatujaulizwa? Imeulizwa pasipoti.

Mama Njiro: Mnahesabu siku, kubwa mmeliruka. Angekuwa mwanamke wa Machakos kaolewa na Mmeru, sheria hiyohiyo ina njia ya mke wa raia. Mume wa raia hana. Hapo ndipo pa kuanzia.

Fundi mwenzake: Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki tangu 2010 inatuambia tuvuke tukafanye kazi, na makao makuu ya Jumuiya tunayapita kila siku hapahapa mjini. Ukivuka, muhuri unakushtaki. Ila kwa sasa, amwombe bosi atumwe mwingine Naivasha mwaka mmoja, yaishe.

Mleta hoja: Nimemfikishia. Bosi anaweza kukubali. Lakini mama yake yuko Machakos, ana miaka 81, na jirani ameniuliza akiitwa usiku ndani ya hiyo 12 afanyeje. Mzee wangu wa Soweto, hilo nimjibu nini?