MREJESHO: Spika mpya za milango ya mbele kwenye Toyota IST

Wakuu, niliuliza kama inafaa kubadilisha spika za kiwandani za IST bila kuongeza amplifaya (kifaa cha kukuza nguvu ya sauti). Nimefunga za inchi 6.5, omu 4 (kipimo cha ukinzani wa umeme wa spika), na sauti imesafika kweli. Kwenye taarabu nasikia hadi mwimbaji anavyovuta pumzi. Zile za zamani zilishikiliwa na ribiti (pini za chuma zisizofunguka kwa bisibisi), fundi akazitoa kwa drili, kisha akaweka ringi ya plastiki ili sumaku isigongane na kioo kikishuka. Waya za gari hazikukatwa, alitumia soketi za kuchomeka. Mwanzoni besi ilikuwa nyembamba, mpaka tulipogeuza waya za chanya na hasi za spika ya mlango wa kushoto, zilikuwa zimeunganishwa kinyume. Mliosisitiza kuziba matundu ya mlango, asanteni sana, mtetemo umekwisha. Amplifaya siihitaji kwa sasa.